Leseni za SQL Server kwenye VM: piga hesabu kwanza ndo ulipe

Wakuu, watu wengi tukifunga SQL Server (programu ya databesi ya Microsoft) kwenye VM, yaani kompyuta ya kuigiza inayoishi ndani ya seva ya kweli, tunaenda hivi: unashusha faili, unainstoo, unabandika ile namba ndefu ya herufi 25, inakubali, databesi inawaka, mfumo wa mishahara unasoma, kazi imeisha. Shida ni kwamba SQL Server haina breki. Una leseni ya kori 4 (kori ni kitengo kimoja cha kuchakata ndani ya prosesa), ukaiweka kwenye VM yenye kori 16, itawaka tu na itapiga kazi vizuri tu, hakuna ujumbe wowote utakaokuja kwenye skrini kukwambia ndugu umezidisha. Utajua siku barua ya ukaguzi imetua mezani kwa bosi na wewe unaitwa uje ueleze.

Kwa hiyo tuelewane hapa mwanzoni, ile namba siyo leseni. Leseni ni haki iliyoandikwa kwenye karatasi, yaani mkataba wako, risiti yako, na masharti ya Microsoft yanayoitwa Product Terms ambayo ndo yanasema ulichonunua unaruhusiwa kukifanyia nini. Wale jamaa wanaouza namba za SQL Server mtandaoni kwa bei ya chipsi kuku wanakuuzia namba tu, namba inakubali ndiyo, ila mkaguzi haulizi namba, anauliza karatasi.

Naongelea SQL Server zaidi maana ndo iko kwenye ofisi nyingi, saccos, hospitali, mashule, halafu huko chini nitaigusa Oracle, databesi ya kampuni nyingine, kwa sababu yenyewe kwenye VM ni balaa lingine kabisa.

Anza na edisheni, maana huenda hata huhitaji kulipa

Kabla ya hesabu yoyote fungua kila VM yenye SQL upige hii:

SELECT SERVERPROPERTY('Edition'), SERVERPROPERTY('ProductVersion');

Utashangaa. Utakuta Enterprise kwenye VM ambayo mtu aliiweka kwa ajili ya kujaribu ripoti mwaka juzi akaiacha inaning'inia, na Enterprise ndo edisheni ya bei ghali kuliko zote. Kama mashine ni ya madeveloper kuandika kodi na kutesti, toa hiyo weka Developer, ina kila kitu cha Enterprise na tangu 2016 ni bure, sharti ni moja tu, isiguse kazi halisi. Siyo "ni testi lakini mhasibu huwa anaingia kuchukua ripoti ya mwezi". Hapo ishakuwa kazi halisi.

Kama databesi ni ndogo iangalie Express. Mpaka toleo la 2022 inabeba databesi ya GB 10 na inatumia kori 4 tu na ram kidogo, toleo la 2025 wameipandisha mpaka GB 50 kwa databesi. Duka la dawa, shule, ofisi ya mwanasheria, kiukweli wengi wangeishi na Express bila shida yoyote wakalala usingizi.

Zinazobaki ni Standard na Enterprise, na hapa ndo hela ilipo.

Unalipia nyumba nzima au chumba?

Kuna njia mbili za kuhesabu kori. Ya kwanza unalipia hosti yenyewe, yaani chuma, ile seva ya kweli inayobeba VM, kori zake zote za kweli. Ya pili unalipia VM moja moja kwa idadi ya kori ulizoipa. Ni kama kupanga, ama umechukua nyumba nzima na vyumba vyote ni vyako, ama umechukua chumba na unalipia hicho hicho.

Chumba kwanza, ndo kinachowafaa wengi. Hesabu ni vCPU za VM, yaani zile kori ulizoipa, ila kuna kima cha chini cha kori 4 kwa kila VM. VM yenye vCPU 2 unalipia 4. Yenye vCPU 4 unalipia 4. Yenye 6 unalipia 6. Leseni zinauzwa pea, kori mbili mbili, kwa hiyo 4 ni paketi mbili. Hapo unaona kwamba kuwa na vijiVM vitano vya SQL vyenye vCPU mbili mbili ni kutupa hela, unalipia kori 20 unatumia 10. Viunganishe. VM moja ya vCPU 8 inaweza kubeba instansi nyingi za SQL Server (nakala zake zinazoendeshwa sambamba) na databesi nyingi, leseni haihesabu instansi wala databesi.

Bei za orodha za toleo la 2022 kwa dola: paketi ya kori mbili ya Standard ni 3,945, ya Enterprise ni 15,123. Muuzaji wako anaweza kuwa juu au chini kidogo na kodi juu yake, lakini zinatosha kupigia hesabu ya kukaa kikaoni. VM tatu za Standard zenye vCPU nne nne ni kori 12, paketi 6, dola 23,670. VM hizo hizo zikiwa Enterprise ni dola 90,738. Ndo maana nasema kila mtu anayetaka Enterprise aseme anaitakia nini hasa, kwa jina, sio "ni nzuri zaidi".

Nyumba nzima sasa. Hosti yenye prosesa 2 za kori 16 ni kori 32, ni paketi 16, na kima cha chini ni kori 4 kwa kila prosesa hata kama prosesa yenyewe ina kori mbili. Hapa unahesabu kori za kweli. Ukifungua haipavaiza, ile programu inayoendesha VM, itakuonyesha 64 kwa sababu ya haipathredi inayofanya kila kori ionekane mbili, usiogope, ukilipia hosti unahesabu 32.

Ila sikiliza, njia hii kwa watu wa VM ni ya Enterprise tu. Standard ukiilipia kwa hosti unapata haki ya kuitumia kwenye hosti yenyewe moja kwa moja bila VM, siyo ndani ya VM. Nimeona watu wanaletewa nukuu ya bei ya "Standard kori 32 ifunike VM zako zote" na muuzaji anaongea kwa kujiamini kabisa. Haifuniki.

Enterprise kwa hosti ya kori 32 ni dola 241,968. Ndiyo, mia mbili arobaini na moja elfu. Kwa leseni tupu bila nyongeza unapata haki ya kuendesha VM za SQL nyingi kama idadi ya leseni zako, kwa hiyo VM 32. Ukiwa na Software Assurance, nyongeza ya kila mwaka nitakayoieleza hapo chini, unaendesha VM bila kikomo. Na VM ndogo kuliko zote inakula kori 4, kwa hiyo kwenye hosti ya kori 32 mizani inakaa sawa kwenye VM 8 za vCPU nne nne. Kama una VM 3 za SQL Enterprise kulipia hosti nzima ni ujinga, kama una 15 kulipia moja moja ndo ujinga. Nilivyoona mimi ofisi nyingi za kwetu zina VM mbili tatu.

Software Assurance, hapa ndo watu wanaingia mkenge

Software Assurance, wengi wanaiita SA, ni ile nyongeza unayolipa kila mwaka juu ya leseni, kwa makadirio kama robo ya bei ya leseni. Zamani watu walikuwa wanaikwepa, wanasema ni ya kupata matoleo mapya tu na sisi tuna toleo letu linatutosha. Kuanzia SQL Server 2022 mchezo umebadilika: ukitaka kulipia kwa VM, ile njia ya chumba, lazima leseni za kori ziwe na SA inayoendelea au ziwe za usajili wa kulipia mwaka 1 au miaka 3. Bila hivyo haki ya kuhesabu VM moja moja huna.

Sasa unganisha na nilichosema juu. Standard haiwezi kulipiwa kwa hosti ikafunika VM. Na kwa VM inahitaji SA. Maana yake ukinunua leseni ya kori ya Standard 2022 ya kudumu isiyo na SA, hiyo ni leseni ya kuweka kwenye chuma kitupu. Na leseni za kudumu zinazouzwa kupitia wauzaji wa CSP (washirika wanaouza bidhaa za Microsoft), ambao ndo wauzaji wengi tulionao mjini, hazina SA ndani yake! Muuzaji anakupa nukuu nzuri, ya kudumu, "unalipa mara moja tu bosi", unalipa, unaiweka kwenye VM, na kuanzia dakika hiyo hauko sawa ingawa umelipa kila senti.

Kupitia CSP unachotaka kwa ajili ya VM ni ile ya usajili, yenyewe inabeba haki hizo. Au nunua kwa mikataba mikubwa ya Microsoft ambayo SA inaambatana na leseni. Uliza kabla ya kulipa kwa sababu SA ni kitu cha kununua pamoja na leseni, kurudi baada ya mwaka ukasema niongezeeni mara nyingi haikubaliki.

Na usijidanganye na kushusha toleo. Ndiyo unaruhusiwa kununua 2022 ukafunga 2019, lakini masharti yanayokubana ni ya leseni uliyonunua. Wenye leseni za toleo la 2019 na yaliyotangulia walizonunua zamani hao wanaendelea na masharti yao ya zamani, walikuwa wanaruhusiwa kwa VM bila SA.

VM inahama, leseni je?

Karibu kila mtu mwenye hosti mbili na storeji ya pamoja amewasha vMotion au Live Migration, yaani kuhamisha VM toka hosti moja kwenda nyingine ikiwa inawaka, na DRS ya VMware (kigawa mzigo cha haipavaiza hiyo) inasogeza VM yenyewe usiku bila kumuuliza mtu. Kiufundi raha. Kileseni, leseni isiyo na SA inaruhusiwa kuhamishwa kutoka seva moja kwenda nyingine mara moja tu kila siku 90, labda seva iwe imekufa moja kwa moja. DRS inaweza kuhamisha mara kadhaa kwa siku. Ukikaguliwa logi za vCenter, mfumo wa kusimamia hosti za VMware, zinasema kila kitu.

Ukiwa na SA unapata haki ya kuhama ndani ya kundi lako la seva muda wowote, na kundi linaruhusiwa kuwa na vituo viwili vya data mradi tofauti ya saa kati yao isizidi saa nne. Dar na Nairobi saa ni moja, Dar na Johannesburg tofauti saa moja, kwa hiyo ukiwa na kituo cha pili nchi jirani hauna shida.

Kwa wale wa leseni za zamani zisizo na SA, fanya hivi: weka sheria ya kulazimisha VM za SQL zikae kwenye hosti fulani tu, ile ya lazima na siyo ya "ikiwezekana", halafu tunza logi. Hosti ikifa utaiwasha VM kwa mkono kwenye nyingine, hiyo inaeleweka. Ukilipia hosti nzima kwa Enterprise ni mantiki ile ile, hosti zote ambazo VM za SQL zinaweza kufika ziwe zimelipiwa, kwa hiyo ukiwa na hosti nne na SQL ni VM chache zifungie kwenye hosti mbili ulipie mbili.

Server na CAL, njia ambayo watu wameisahau

Standard bado inauzwa kwa njia ya zamani, leseni ya seva moja dola 989 halafu CAL, yaani leseni ya kufikia seva, dola 230 kwa kila mtumiaji au kila kifaa. Ndani ya VM, kila VM yenye SQL inahitaji leseni yake ya seva, lakini CAL moja ya mtu inamfikisha kwenye seva zote za SQL za ofisi yenu, mradi CAL siyo ya toleo la chini kuliko seva.

Piga hesabu hii, naipenda. VM moja kwa kori ni kima cha chini kori 4, dola 7,890 bila kuhesabu SA. Kwa seva na CAL, watu 30 ni 989 jumlisha 6,900, ni dola 7,889. Yaani dola moja pungufu! Kwa hiyo VM moja, chini ya watu 30 nenda CAL, zaidi ya hapo nenda kori. Ukiwa na VM mbili za kori nne nne mpaka unasogea kwenye watu 60. Na kadri VM zako zinavyokuwa na kori nyingi ndivyo CAL inavyozidi kunoga kwa sababu leseni ya seva haijali VM ina kori ngapi.

Zahanati yenye wafanyakazi 40 wanaopokezana kwenye kompyuta 12, chukua CAL za kifaa, 12 tu. Hapo unalipa 989 na 2,760 basi.

Ila kuna ujanja ambao haufanyi kazi: "watumiaji wote wanaingia kupitia mfumo wetu na mfumo unaunganika SQL kwa akaunti moja, kwa hiyo CAL moja". Hapana. Wanahesabiwa watu walioko mwisho kabisa wa mnyororo, haijalishi katikati kuna nini. Ndo maana kama databesi inalisha tovuti ya wateja, au aplikesheni ya simu, au menyu ya USSD, hutaweza kuhesabu hao watu, nenda kori usijisumbue.

Kabla ya kununua, punguza

Kuzuia SQL isitumie kori zote kwa mipangilio ya ndani ya SQL hakupunguzi leseni, kinachohesabiwa ni vCPU ambazo VM imepewa. Kwa hiyo nenda kwenye haipavaiza punguza pale. Angalia matumizi ya prosesa ya mwezi mzima, ukiwemo mwisho wa mwezi wanapofunga hesabu, VM ya vCPU 16 isiyovuka asilimia 25 ipeleke 8. Umeokoa paketi nne, kwa Standard dola 15,780, bila mtu yeyote ofisini kuhisi tofauti.

Halafu hii ya soketi, nawaomba mkaiangalie leo leo. Standard ya 2022 inatumia soketi 4 (soketi ni nafasi ya prosesa moja) au kori 24, chochote kinachofika kwanza. Mtu akiunda VM kwenye VMware akaweka vCPU 8 akaacha kori moja kwa kila soketi, SQL inaona soketi 8, inachukua 4 inaziacha 4 zimelala. Umelipia kori 8 unatumia 4 na kila siku unalalamika databesi nzito. Piga:

SELECT status, COUNT(*) FROM sys.dm_os_schedulers GROUP BY status;

Ukiona mstari wa VISIBLE OFFLINE ujue kuna kori zimelala. Zima VM, badilisha iwe soketi 1 kori 8, au soketi 2 kori 4, washa. Bure kabisa.

Kitu kingine kinachosahaulika ni vile visaidizi. Umeiweka Reporting Services ya ripoti kwenye VM yake peke yake ili isilemee databesi, au SSIS ya kuhamisha data, au SSAS ya uchambuzi, hiyo VM nayo inahitaji leseni kamili, kori 4 nyingine. Ukiziweka ndani ya VM ya databesi hulipi zaidi. Management Studio yenyewe ni bure, weka popote.

Seva ya akiba

Ukiwa na SA unapata seva za akiba bila kulipia tena, moja ya karibu kwa ajili ya kuendelea na kazi ikitokea hitilafu, moja ya mbali kwa ajili ya maafa, na moja ya maafa kwenye Azure, huu utaratibu umeanza Novemba 2019. Sharti iwe imelala kweli. Unaruhusiwa kuchukua bekapu kutoka kwake, kukagua uzima wa databesi, kuichunguza hali. Hauruhusiwi kumpa mtu wa ripoti asome kutoka huko, akisoma hata mara moja kwa wiki hiyo ni seva kamili ilipiwe. Na ukubwa wake usizidi ile uliyolipia. Bila SA hakuna seva ya akiba ya bure kabisa, tangu toleo la 2014.

Oracle sasa, shika moyo

Oracle Enterprise Edition bei ya orodha ni dola 47,500 kwa prosesa, na "prosesa" kwao ni kori mara kigezo, kwa Intel na AMD kigezo ni 0.5. Kwa hiyo kori 4 ni prosesa 2, dola 95,000, na msaada asilimia 22 kila mwaka. Mpaka hapo inauma lakini inaeleweka.

Ngoma iko kwenye VMware. Oracle wana waraka wao wa kugawanya seva ambao unasema mgawanyo wa VMware ni mgawanyo laini, na mgawanyo laini haupunguzi leseni. Wanachodai wao ni kwamba Oracle inatakiwa ilipiwe kwenye hosti zote ambazo VM hiyo inaweza kufika. Klasta (kundi la hosti zinazofanya kazi pamoja) ya hosti tatu za kori 32 ni kori 96, mara 0.5 ni 48, mara 47,500 ni dola 2,280,000. Kwa ajili ya VM moja ya vCPU 4! Na tangu vSphere 6, yaani toleo la VMware, VM inaweza kuhama hata kutoka vCenter moja kwenda nyingine, kwa hiyo wanaweza kudai hata klasta ambazo hazijawahi kuigusa Oracle.

Waraka wenyewe umeandikwa kwamba ni wa kuelimisha na siyo sehemu ya mkataba, na hapo ndo wanasheria wanapogombania. Mwaka 2015 Mars, hawa hawa wa chokoleti, waliipeleka Oracle mahakamani California wakibishana mambo ya ukaguzi wa leseni na VMware yakiwemo, kesi ikaondolewa mwaka huo huo kabla ya hukumu, kwa hiyo hakuna aliyeshinda ambaye wewe unaweza kumtolea mfano. Mars wana wanasheria wao. Ofisi yako ina mwanasheria mmoja wa kusaini mikataba ya pango.

Ushauri wangu kwa Oracle ni mfupi. Iweke kwenye hosti zake yenyewe, klasta yake, storeji yake, mtandao wake, mbali na VM nyingine. Au tumia haipavaiza ya Oracle, Oracle Linux KVM, ukifunga kori kwa utaratibu wao, huo mgawanyo wanaukubali. Au shuka kwenye Standard Edition 2 ambayo inahesabu soketi, dola 17,500 kwa soketi, ila hosti isiwe na uwezo wa zaidi ya soketi mbili. Na ukiwa kwenye Enterprise kagua view ya DBA_FEATURE_USAGE_STATISTICS maana kuna vitu kama Diagnostics Pack vinakuja vimewashwa, DBA, msimamizi wa databesi, anafungua ripoti ya AWR (ya utendaji wa databesi) kutafuta tatizo, kumbe ile ni dola 7,500 nyingine kwa kila prosesa.

Au hamia PostgreSQL, databesi ya bure. Wekeni kori 200 mkitaka, hakuna anayehesabu. Kwa mfumo mpya unaoanza leo sioni kwa nini mtu aanze na Oracle kama hajalazimishwa na programu aliyonunua.

Ukikodi VM kwa mtu mwingine

Wengi siku hizi hawana chuma, wanakodi VM kwenye kituo cha data hapa hapa au kwenye klaudi. Uliza swali moja kwa maandishi: leseni ya SQL ni ya nani? Kama ni ya kwao, wanatakiwa wawe kwenye mpango wa SPLA, ule wa Microsoft kwa wanaokodisha huduma, na wewe unalipa kwa mwezi, iandikwe kwenye ankara kabisa edisheni gani na kori ngapi. Kama ni yako, lazima iwe na SA au usajili ndo uruhusiwe kuipeleka kwenye hosti ya mtu mwingine mnayochangia na wateja wengine. Kwa watoa huduma wa kawaida wa ndani ya nchi masharti yamelegezwa tangu Oktoba 2022, kwa Amazon na Google yako tofauti na ni makali zaidi hasa kwa leseni zilizonunuliwa baada ya Oktoba 2019.

Na kama mtoa huduma wako anakuuzia edisheni ya Web, ile ya bei poa iliyokuwa kwa ajili ya tovuti, muulize ana mpango gani, maana SQL Server 2025 haina tena edisheni hiyo, mtabaki kwenye 2022 au mtapanda Standard na bili itapanda nayo.